Kea homu yetu imeanguka ukaguzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimefanya kazi kwenye kea homu za England, yaani nyumba za kulelea wazee, kuanzia zamu za usiku hadi ofisi ya meneja, na mara mbili nimekuwa ndani ya nyumba iliyoangushwa na ukaguzi. Tangu hapo Waswahili wenzangu hunipigia simu: wahudumu, manesi, mameneja, wakati mwingine mtu ambaye mama mkwe wake analelewa humo. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Majibu yanahusu England, ambako mkaguzi ni Care Quality Commission, tume ambayo sote tunaiita CQC. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina wakaguzi wao na taratibu zao, usizichanganye.

Daraja hizi maana yake ni nini hasa?

CQC huuliza mambo matano: je, nyumba ni salama, je, huduma yake inaleta matokeo, je, wahudumu wana utu, je, inamsikiliza kila mtu kwa hali yake, na je, inaongozwa vizuri. Kila swali hupata daraja lake, kisha nyumba nzima hupewa moja. Kwa Kiswahili tuseme ni Bora Sana, Nzuri, Inahitaji Maboresho, na Duni. Kwa kawaida maswali mawili yakipata Duni, nyumba nzima huwa Duni, hata kama kwenye utu mlipata Nzuri.

Mfumo ulioanza mwishoni mwa 2023 ulikuja na kauli 34 za ubora chini ya maswali hayo matano. Usihangaike kuzikariri. Sheria iliyo chini yake ni kanuni za mwaka 2014, na hizo ndizo ripoti inazozitaja kwa namba. Kanuni ya 12 ni huduma salama, ya 17 ni usimamizi mzuri, ya 18 ni watumishi wa kutosha wanaojua kazi. Ripoti mbaya nilizozisoma, karibu zote zina 12 na 17 zikiwa zimeshikana mikono.

Rasimu ya ripoti imefika na ina makosa. Tuipinge?

Mna siku 10 za kazi kusahihisha ukweli kabla haijachapishwa. Zitumieni, lakini kwa mambo yenye ushahidi uliokuwepo siku ya ukaguzi. Rasimu ikisema winchi ya kunyanyulia wazee haijapimwa, na cheti cha upimaji wa miezi sita kilikuwa kwenye faili siku ile, tumeni cheti. Ikisema Mzee fulani hana mpango wa kuzuia kuanguka, na mpango upo na tarehe yake ni ya kabla ya ukaguzi, tumeni mpango.

Msichopaswa kufanya ni kubishana na maneno ya sifa. Nilimwona meneja mmoja akitumia siku tisa kuandika kurasa kwa kurasa za hasira, akikataa neno “uchafu” na neno “mara nyingi”, huku upande wa pili wa ukuta chati za dawa zikiendelea kuwa na mapengo. Hakubadilisha chochote na alikuwa amechoka kabla kazi haijaanza. Na jambo mlilolirekebisha baada ya mkaguzi kuondoka si kosa la ripoti. Ni kazi nzuri, na itahesabiwa safari ijayo.

Ripoti ikishatoka mnaweza kuomba daraja lipitiwe upya, lakini kwa sababu moja tu: kwamba tume haikufuata utaratibu wake yenyewe. Kutokubaliana na hukumu hakutoshi.

Wiki ya kwanza tufanye nini?

Acheni karatasi kwanza. Meneja aingie saa kumi na moja alfajiri, zamu ya usiku ikiwa bado ipo, atembee chumba kwa chumba akiwa na mtu mmoja anayewajua wazee kwa majina. Atafute kinachoweza kumdhuru mtu leo. Maji ya bafuni yanatoka kwa nyuzi ngapi? Yasizidi 44, maana ngozi ya mzee huungua upesi na anayepoteza kumbukumbu huenda asijue kujiondoa. Madirisha ya ghorofani yanafunguka kiasi gani? Milimita 100 ndiyo mwisho. Mlango wa kuzuia moto umewekewa kiti usijifunge? Kengele ya kuita iko karibu na mkono wa mzee, au imeviringishwa ukutani? Unga wa kufanya vinywaji viwe vizito kwa wenye shida ya kumeza umeachwa wazi kando ya kikombe? Mwaka 2015 ilitolewa tahadhari ya usalama kuhusu unga huo, kwa sababu mtu akiula mkavu unaweza kumkaba koo.

Baada ya hapo, watu wenyewe. Nani amepungua uzito tangu mwezi uliopita? Nani ana kidonda cha kulalia, na kiligunduliwa lini? Nani huanguka, na huanguka saa ngapi? Saa ni muhimu. Kwenye nyumba moja tuligundua kwamba wengi walianguka kati ya saa moja na saa mbili usiku, wakati wahudumu wote wako kwenye makabidhiano ya zamu na hakuna mtu sebuleni. Haikuhitaji kozi. Ilihitaji mtu mmoja abaki na wazee.

Kisha semeni. Wahudumu waambiwe ana kwa ana kabla hawajasoma kwenye simu. Familia ziitwe, zipewe chai, zisomewe yaliyo mabaya kabla ya yaliyo mazuri. Na bango la daraja libandikwe mlangoni na kuwekwa kwenye tovuti, kwa kuwa hilo ni takwa la sheria tangu Aprili 2015. Kulificha nyuma ya maua ni kosa, na familia huliona hivyohivyo.

Wazee wanatupenda na familia zinatusifu. Kwa nini tumeanguka?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa machozi, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Chukua chati ya kugeuza. Bibi mmoja hawezi kujigeuza kitandani, anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili ngozi isife. Mkaguzi anaingia saa kumi na mbili asubuhi, anaikuta chati imejazwa hadi saa mbili asubuhi, saa ambayo haijafika. Kalamu moja, mwandiko mmoja. Mhudumu aliyeijaza si mtu mbaya. Usiku ule alikuwa na mwenzake mmoja kwa wazee wengi mno, alimbadilisha Bibi nguo, alimshika mkono alipolia, na akajua kwamba asubuhi hatapata nafasi ya kuandika. Upendo ulikuwepo. Ila sasa hakuna anayeweza kusema kama Bibi aligeuzwa au la, na kidonda kikitokea hatutajua kilianza vipi.

Ukizisoma ripoti hizi kwa utulivu, utaona kitu kimoja kinachojirudia. Karibu kila kosa lililoandikwa mle lilijulikana na mtu fulani ndani ya nyumba kabla ya mkaguzi kufika. Dada wa kufua alijua shuka hazitoshi. Mpishi alijua sahani za ghorofa ya pili hurudi zimejaa. Wa zamu ya usiku alijua kengele ya chumba cha mwisho haisikiki. Walijua, wakasema mara moja au mbili, halafu wakaacha kusema. Nyumba ya namna hiyo haikosi huruma. Inakosa njia ya habari kutoka kwa anayeona hadi kwa mwenye uwezo wa kurekebisha, na ndicho hasa kanuni ya 17 inachokipima.

Dawa ninayoiamini haina gharama. Kila asubuhi, dakika 10, wote wamesimama: meneja, nesi au kiongozi wa zamu, mpishi, msafishaji, fundi. Swali ni moja: tangu jana kimeharibika nini, na nani amebadilika? Inaandikwa kwenye daftari. Kesho yake, kabla ya kuuliza tena, meneja anasoma ya jana na kueleza kila moja limefikia wapi. Wiki mbili za mwanzo watu watanyamaza. Wakiona shuka mpya zimefika kweli, wataanza kusema, na mtasikia mengi kuliko mliyotaka. Hapo ndipo nyumba imeanza kupona. Mkaguzi akija asikwambie jambo la nyumba yako ambalo wewe hukulijua.

Kwenye dawa tumepigwa vibaya. Tufanyeje?

Anzeni kuhesabu vidonge. Sahihi ikiwepo kwenye chati na kidonge kikiwepo kwenye boksi, kimoja kati ya hivyo kinasema uongo, na boksi halijui kudanganya. Kila siku chukueni wazee watano, mlinganishe chati na idadi iliyobaki. Mkipata tofauti, mtu asiadhibiwe kabla hamjauliza ilikuwaje. Mara nyingi mtakuta mhudumu aliyekuwa akigawa dawa aliitwa mara kadhaa kupokea simu na kufungua mlango. Basi anayegawa dawa asiguswe na kazi nyingine mpaka amalize.

Dawa ya ugonjwa wa Parkinson itolewe kwa saa yake kamili, si “asubuhi”. Ikichelewa, mtu anaweza kushindwa kusogea na hata kumeza. Dawa za “inapohitajika” ziwe na maelezo ya mtu huyo: akiumwa anaonekanaje ikiwa hawezi kusema? Friji ya dawa iwe kati ya nyuzi 2 na 8, ipimwe kila siku na iandikwe. Na kumfichia mzee dawa ndani ya uji bila yeye kujua si uamuzi wa mhudumu, hata kama nia ni njema. Kuna Sheria ya Uwezo wa Kuamua ya 2005: lazima ipimwe kwanza kama ana uwezo wa kuamua jambo hilo, kisha uamuzi wa maslahi yake ufanywe pamoja na daktari, mfamasia na watu wake.

Mpango wa maboresho uandikwe vipi?

CQC ikiwataka mpeleke maelezo ya mtakavyorekebisha, mna siku 28. Kila kosa liwe na jina la mtu mmoja, tarehe, na namna mtakavyojua kwamba limekwisha. “Wahudumu wote wamefundishwa upya” si dalili ya kupona, ni dalili ya kuwa watu walikaa mbele ya kompyuta. Afadhali muandike: “Kila Jumanne kiongozi wa zamu anamtazama mhudumu mmoja akimlisha mzee mwenye shida ya kumeza, anaandika alichokiona, wanazungumza.” Mpango wa kurasa nne unaosomwa kila wiki unashinda wa kurasa sitini uliofungiwa kabatini.

Tuajiri mshauri wa nje?

Ikiwa atavaa viatu vya mpira na kuingia vyumbani, ndiyo. Ikiwa anauza fomu zilizokwishaandikwa, hapana. Nimeona mpango wa huduma wa mzee mmoja ukiwa na jina la mtu wa nyumba nyingine kabisa, kwa sababu ulinakiliwa. Muulizeni kabla ya kulipa: ukiondoka, nani hapa atakuwa anajua kufanya ulichokuwa ukifanya?

“Uangalizi maalumu” maana yake tunafungwa?

Si mara moja. Nyumba ikipewa Duni kwa jumla huwekwa kwenye uangalizi huo, na sera ya tume ni kurudi ndani ya miezi sita. Ikikuta hali bado ni ileile, inaweza kuanza hatua za kuzuia nyumba isiendeshe huduma. Njiani mnaweza kupokea notisi ya onyo yenye tarehe ya mwisho, au notisi ya pendekezo la kuweka masharti au kufuta usajili. Kwa pendekezo mna siku 28 za kutoa maelezo, na uamuzi ukitoka mna siku 28 nyingine za kukata rufaa kwenye baraza la rufaa. Pale tume inapoona hatari ya haraka, inaweza kuchukua hatua bila kungoja siku hizo. Ukipokea notisi ya aina yoyote tafuta mwanasheria siku hiyohiyo. Msihesabu siku tangu mlipofungua bahasha, hesabuni tangu ilipofika.

Halmashauri imeacha kutuletea wazee. Tutalipa mishahara na nini?

Ni kawaida, na huuma. Vitanda vitupu vinakula mfuko. Kosa ninaloliona kila mara ni mmiliki kukata wahudumu wa usiku ili kuokoa pesa, na hapo nyumba huzama kabisa. Itumieni nafasi hiyo kinyume chake: wazee wakiwa wachache, wahudumu walewale wana muda wa kufanya vizuri na kuzoea kufanya vizuri. Kaeni na watu wa halmashauri kila wiki, muwaonyeshe daftari la asubuhi, mabaya yake pia. Marufuku hiyo mara nyingi huondolewa kidogokidogo, mzee mmoja kwa wiki, na imani hiyo huanzia kwenye mikutano hii.

Mimi ni mhudumu mwenye visa ya kazi. Daraja likishuka, visa yangu inaguswa?

Daraja la chini peke yake haligusi visa yako. Hatari iko mbele zaidi. Tangu 11 Machi 2024, mwajiri wa wahudumu nchini England lazima awe amesajiliwa na CQC ili adhamini wageni, kwa hiyo nyumba ikifutiwa usajili, udhamini nao unaporomoka. Mwajiri akipoteza leseni ya udhamini, kwa kawaida Wizara ya Mambo ya Ndani hukuandikia barua inayokupa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka.

Kwa hiyo usingoje. Tunza nakala za mkataba, hati za mishahara na vyeti vya mafunzo nje ya kompyuta ya kazini. Tangu 22 Julai 2025 kuajiri wahudumu wapya kutoka ng'ambo kumefungwa, lakini walioko tayari nchini wenye sifa wana kipindi cha mpito hadi 22 Julai 2028, na waajiri wametakiwa kuwatafuta kwanza wahudumu waliopo waliopoteza wadhamini. Ushauri wa uhamiaji tafuta kwa mtu aliyesajiliwa kisheria, si kwa ndugu kwenye kundi la WhatsApp, hata awe mkarimu vipi. Wengi wetu tuliuza shamba au kukopa kwa jamaa ili tufike hapa. Hofu hiyo naijua, na ndiyo inayotufanya tunyamaze kazini. Hilo linaleta swali linalofuata.

Nikisema nilichokiona nitafukuzwa?

Sheria ya 1998 ya kulinda wanaofichua maovu inamlinda mfanyakazi, na wenye visa pia ni wafanyakazi. Anza kwa meneja, kwa maandishi: tarehe, saa, ulichokiona, bila maoni. Usiposikilizwa, nenda kwa kitengo cha halmashauri cha kuwalinda watu wazima dhidi ya unyanyasaji, au CQC yenyewe kwa namba 03000 616161. Unaweza kutotaja jina. Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Lakini mzee aliyelala kwenye mkojo wake hana namba ya kupiga.

Tunaruhusiwa kuongea Kiswahili kazini?

Chumba cha mapumziko, mezani, mkiwa peke yenu, ongeeni mpaka mchoke. Kitandani kwa mzee, hapana. Fikiria umelala uchi, watu wawili wanakuogesha na kuongea juu ya mwili wako kwa lugha usiyoijua, na wanacheka. Mama yako ungemtaka afanyiwe hivyo? Nimeona malalamiko ya aina hii ndani ya ripoti, na waliolalamikiwa hawakuwa wakimsema mzee hata kidogo, walikuwa wakipanga mchango wa msiba. Wazee hawa tumezoea kuwaita Bibi na Babu mioyoni, basi tuwaeleze tunachofanya kabla ya kukifanya: nakugeuza sasa, nakuosha mgongo, maji yana joto sawa?

Mama yangu analelewa kwenye nyumba iliyopata Duni. Nimtoe?

Soma ripoti nzima, usiishie kwenye daraja. Tazama swali la usalama linasema nini, kisha nenda usiku, au Jumapili jioni. Mwulize meneja: yaliyoandikwa humu, lipi linamhusu mama? Akijibu kwa jina la mama na tarehe, kaa kidogo utazame. Akijibu kwamba mkaguzi alikuwa na siku mbaya, anza kutafuta. Kuhamisha mtu aliyepoteza kumbukumbu nako kuna madhara yake, chakula hukataliwa na usingizi hupotea, kwa hiyo usikurupuke isipokuwa usalama wake uko hatarini.

Mkaguzi akirudi, atatuuliza nini sisi wa chini?

Atakuuliza kuhusu mtu. Huyu mzee anapenda kuitwa nani? Anakunywa chai yake vipi? Ukiona alama ya kipigo mkononi mwake utamwambia nani? Moto ukizuka, unamtoaje? Huwezi kukariri majibu hayo usiku mmoja. Kama hujui jambo, sema hujui na useme ungelitafuta wapi. Atafuatilia pia mzee mmoja kutoka kwenye mpango wake hadi kwenye sahani yake: mpango unasema chakula laini, je, jikoni wanajua, na je, aliyemlisha mchana anajua?

Itachukua muda gani?

Kurekebisha yanayodhuru, siku. Kubadilisha mazoea, miezi sita hadi mwaka kwa niliyoyaona mimi. Daraja lenyewe linaweza kuchelewa zaidi, kwa kuwa tume nayo ilikosolewa vikali na ripoti ya Dk Penny Dash mwaka 2024 kwa kuchelewa kurudi kukagua. Wekeni kumbukumbu zenu kwa tarehe, muwe tayari siku yoyote, na muiarifu tume kwa maandishi mkishatimiza.

Daraja limepanda. Nini cha kwanza?

Badilisheni bango la mlangoni na la kwenye tovuti. Ziandikieni familia. Kesho yake asubuhi, dakika 10, daftari lilelile: tangu jana kimeharibika nini, na nani amebadilika?